Iache Iote

Jina lake lilikuwa ndani ya pasipoti, pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya soksi, na soksi ndani ya tumbo la spika mbovu iliyokaa chini ya kitanda chake. Sikuwahi kuliona. Alikozaliwa nako sikuuliza, maana mtu akija kwako kula kila siku, unachouliza ni kama chumvi imekolea. Kwa Waswahili wote wa Guangzhou, kuanzia hapa kwetu Huanshi Zhonglu mpaka Zhanxi kwenye viatu vya jumla, alikuwa Prodyuza. Wakongomani nao walimwita hivyo, wakidhani ana kiwanda. Wachina wauza spika walimwita laoban, yaani bosi, lakini hilo lisikutishe. Hapa laoban ni kila mtu. Hata mimi ni laoban, na nauza pilau jikoni kwangu nimevaa kanga na soksi.

Nitahadharishe mapema kwamba mimi ni mtu wa ndani. Mume wangu ndiye anayezunguka masokoni na kurudi miguu imevimba. Mimi nimekaa mji huu mpaka mlinzi wa getini ananiuliza habari za nyumbani, na ule mto wao mkubwa nimeuona zaidi kwenye kalenda ya duka la dawa. Shule niliishia kidato cha nne, na somo lililoniangusha ni jiografia, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote. Sina haja ya kwenda duniani. Dunia inapanda lifti, inagonga, inauliza kama leo kuna kachumbari. Anayetaka picha ya Prodyuza akiwa safarini amtafute mwingine. Mimi nilimjua akiwa mezani, kijiko mkononi, akilalamika.

Aliishi ghorofa ya juu yetu na alishuka baada ya swala ya adhuhuri. Hakugonga kama watu. Aligonga mara moja, akanyamaza, na nikifungua namkuta kainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

Shikamoo, Mzee, nasema. Marahaba, anajibu, bawaba ya chini inalia.

Hakuwa anatania. Kwake kila kitu kilikuwa sauti kwanza, vitu vingine baadaye. Sufuria zangu alizitofautisha kwa mlio wa mifuniko. Mume wangu aliwahi kuambiwa kwamba mafua yanamjia, na yalipokuja kesho yake alimnunia Prodyuza wiki nzima, kana kwamba mzee ndiye aliyeyaagiza.

Riziki yake ilitoka kwenye sikio hilo hilo. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wanaosafirisha spika walimchukua kwenda nao dukani kabla mzigo haujafungwa. Wengine hupima spika kwa muziki mkubwa mpaka madirisha yatetemeke. Prodyuza aliomba maikrofoni, akampa mwenye mzigo, akamwambia ataje alichokula asubuhi. Mtu anasimama katikati ya duka la Wachina anasema maharage na chapati, maharage na chapati, huku Prodyuza ameweka kiganja juu ya boksi, macho kafumba. Alisema spika inayodanganya kwenye neno maharage itadanganya kwenye kila kitu. Siku moja alilipapasa boksi moja, akalinusa, akatangaza kwamba hili limemeza jiwe. Muuzaji aliapa kwa lugha tatu. Walipofungua walikuta jiwe kweli, limefungwa vizuri kwa gundi, likiongeza uzito. Muuzaji akacheka, Prodyuza akacheka, na tangu siku hiyo yule bwana akawa anamwita laoban kwa moyo mmoja.

Kichina chake kilikuwa maneno mawili. Duoshao, bei gani, hilo alilisema yeye. Meiyou, hakuna, hilo aliambiwa. Alidai ameambiwa meiyou mara nyingi kuliko alivyosalimiwa. Aliuliza maikrofoni za zamani, meiyou. Valvu za amplifaya, meiyou. Sindano ya kinanda cha santuri wakati hakuna aliyekuwa akizitaka tena santuri, meiyou, na muuzaji hata uso hakuinua. "Ipo siku," aliniambia akitafuna mfupa, "na mimi nitamwambia mtu meiyou. Nitalisema taratibu."

Tulimtania sana kwa hilo, maana ni mtu wa Mtwara, na watu wa kule ndio waliotuachia jina la machinga, na machinga ni mtu wa kuuza. Huyu hakuuza kitu. Ukimsifia shati anakupa. Ukimwomba akuuzie redio yake anakasirika.

Alikuwa amejaa mambo ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Alihubiri subira mpaka ukachoka, lakini wali ukichelewa alikuja kusimama nyuma yangu akihema. Maisha yake yote yalikuwa ngoma, ila hakuna aliyewahi kumwona akicheza hata bega. Kwenye harusi alikaa kando ya spika, si kando ya watu. Na chumbani kwake hakukuwa na muziki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwenye bucha hali nyama akiwa nyumbani. Nikamwambia mwenye bucha ninayemjua mimi anakula sana. Akasema basi huyo si fundi.

Lakini ole wako utamke muziki wa asili mbele yake. Kijana mmoja wa masomo ya juu, mpole, alikuja kula akamwambia kwamba anaheshimu sana kazi zao za muziki wa asili. Prodyuza akaweka kijiko chini. Asili gani, alitaka kujua. Wao walikuwa wanakimbizana na mtindo wa mwaka ule. Mpiga gitaa wao alitumia waya wa breki ya baiskeli kwa kuwa alitaka mlio mkali kuliko wa jirani. Kina mama wa ngoma walibadilisha maneno ya wimbo kila msimu wa korosho ili kumsema mtu mpya. Ingekuwa asili, mngetukuta tumekaa kama mawe. Alisema yote haya bila kupandisha sauti, kisha akamwongezea kijana nyama kutoka sahani yake mwenyewe.

Studio yao Mtwara ilikuwa ghala la korosho. Walikuwa maprodyuza watatu, na ukutani walitundika magunia ili sauti isirudi. Vumbi la korosho liliwawasha, ndiyo maana, alisema, nyimbo zao za mwanzo zina watu wanaojikuna. Walirekodi vikundi vya ngoma ya sindimba, kwaya, magitaa ya vilabuni, wazee wa malimba waliotoka mpaka kando ya Ruvuma wamebeba vyombo vyao vichwani. Hao watatu hawakuelewana hata siku moja. Mmoja aliamini maikrofoni ining'inizwe darini kama popo. Wa pili aliisogeza mpaka igusane na ngoma. Prodyuza alisema iwekwe pale ambapo bibi angekaa kama angekuja kutazama, na hakusogea hapo. Walinuniana, wakagawana siku za juma, na bado kila mmoja alikuja kwenye siku ya mwenzake ili aone anavyokosea.

Kazi za yule wa popo zilifutwa. Mikanda ilikuwa adimu, watu wakarekodia juu yake hotuba na mahubiri. Za wa pili zililiwa na mchwa, pamoja na meza. Wenyewe wote wawili wametangulia. Katika ghala lile zima la sauti kilichobaki ni rili moja ya mkanda, ndani ya mkebe wa biskuti, ambayo Prodyuza alihama nayo kila alikohamia mpaka ikafika hapa mtaani kwetu Xiaobei, juu ya kabati lake, imefunikwa na kofia ya sala. Nilipoelewa hivyo ndipo nilipoacha kucheka nikimwona anaupangusa mkebe.

Ndani ya rili ile kulikuwa na ngoma moja ndefu, na ugomvi wake wote na dunia ulihusu mwanzo wake. Ngoma za kule hukazwa kwa moto. Zinasogezwa kwenye moto wa makuti, ngozi inapata joto, inakaza, mpigaji anagonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha tena. Siku ile Prodyuza aliwasha mashine mapema. Kwa hiyo rekodi inaanza na moto: tatata, pu, tatata. Na juu ya moto kuna sauti ya mpiga ngoma mwenyewe, akisema na ngoma yake. Anasema bado. Anagonga. Anasema bado kidogo. Moto unalia. Halafu anasema haya, imeota, na ngoma inashuka kama paa la nyumba.

Kila aliyepelekewa alisema kata huo mwanzo, una kelele. Dar walisema. Waliokuwa wanachapa santuri Nairobi walisema. Prodyuza aliwajibu wote kitu kimoja: iache iote. Wakamrudishia mkanda. Baadaye mashine ya ghalani ikafa, mkanda ukaanza kunata, ikawa hata yeye hawezi kuusikiliza. Alibaki nao kichwani. Akiwa na furaha aliuigiza mezani kwa kinywa, tatata, pu, nikadhani ni meno.

Mpiga ngoma alishafariki. Mjane wake yuko Mtwara, na kila Ijumaa alimpigia Prodyuza kwa simu ya video, mara nyingi wakati wa chakula, kwa hiyo nilimjua. Mama mwenye kilemba na ulimi. Alimwita shemeji. Hakuanza na salamu.

"Bado?" anauliza.

"Bado, shemeji."

Basi anamsuta. Kwamba huko China wanatengeneza mpaka nywele za watu, mkanda mmoja unawashinda. Kwamba shemeji amekwenda kula tu, na yeye anayaona hayo mashavu yake. Mimi najificha nyuma ya sufuria nacheka, maana mashavu ni kazi yangu. Ijumaa moja tu hakusuta. Alijifunika kilemba vizuri, akasema, "Shemeji, sauti yake inanipotea. Mdomo nauona unavyokwenda, ila sauti haiji. Picha ninazo, na picha hazisemi."

Prodyuza alimwambia itakuja. Simu ilipokatika hakumaliza wali. Hiyo, kwa mtu yule, ilikuwa hatari.

Wiki hiyo hiyo alianza kumuuliza kila mtu. Na kumbe siku hizi santuri zimerudi; vijana wanazitaka tena, na nje ya mji kuna karakana inayozichapa. Mume wangu ndiye aliyemfikisha huko, kwa safari ya mabasi ambayo mimi niliisikia ikisimuliwa na nikachoka. Fundi wa pale alikuwa mtu wa makamo, mpole, amezaliwa papa hapa Guangdong. Aliutazama mkanda, akaunusa, na Prodyuza alipoona ananusa akampenda. Kwa kutumia simu za kutafsiri walielewana hivi: mkanda umechoka, ngozi yake inabanduka, atautibu kwa joto, kisha utacheza mara moja, pengine basi. Watu wa mizigo walichangia gharama. Santuri itatoka.

Sasa lilikuja suala la mwanzo. Prodyuza alikuwa na imani kubwa na simu yake. Aliisogeza mdomoni kama kipande cha muwa, akasema kwa lafudhi nzuri kabisa: mwanzoni hapo ngoma inaota, tafadhali iache iote. Simu ikatafsiri. Fundi akasoma, akasoma tena, akaweka mkono kifuani. Mume wangu alisema hajawahi kumwona Mchina ameguswa hivyo na ujumbe wa mzigo. Walipeana mikono wakaondoka.

Sampuli ya kwanza ilipofika, tuliisikilizia kwangu. Sebule ilijaa. Kulikuwa na watu wa Kariakoo wanaosubiri ndege, wanafunzi wawili, Mkongomani aliyeleta kinanda cha santuri, na mimi na mabakuli. Sindano ikashuka. Kimya. Tukangoja. Kimya, safi kabisa, kama ndani ya jokofu jipya. Mtu mmoja akagusa waya. Mwingine akasema labda ni upande usio na kitu. Halafu ngoma ikashuka kama paa, wakaingia kina mama kwa sauti, na sebule nzima ikasimama. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Watu walikumbatiana, Mkongomani alikuwa tayari anazungusha kiuno.

Prodyuza peke yake alikuwa amekaa. Alikuwa anautazama ule mduara mweusi kama mtu anayetazama mlango. "Ameuzima moto," alisema.

Na pamoja na moto, sauti ya mtu. Mashine ya kusafisha haikujua ipi ni kelele na ipi ni mume wa mtu, ilikomba vyote. Mkanda ulishacheza mara yake moja na magamba yake yalibaki kwenye mashine. Ijumaa ile mjane alipopiga, akauliza bado, Prodyuza alijibu bado kwa sauti ambayo hata mimi, nisiye na sikio, niliisikia imelegea.

Tulimwalika fundi chakula. Wazo lilikuwa langu, maana sijui kutatua jambo lolote bila mchele. Ulikuwa ule msimu ambao wenyeji wanaulaani, wakati hewa ya joto inatoka kusini na ukuta unatoka jasho. Sakafu inalowa kana kwamba umemwaga maji. Nguo hazikauki mpaka uone aibu kuzivaa. Fundi alikuja na matunda, akakaa, akala kwa kijiko, akasifia. Nikasubiri Prodyuza aanze kudai. Hakudai. Alipanda kwake akarudi na ngoma yake ndogo, ile chapuo iliyotundikwa ukutani, akaipiga mbele ya mgeni. Ililia kama boksi lililonyeshewa.

Kisha akaenda jikoni kwangu, akaondoa sufuria yangu ya mchuzi bila ruhusa, akawasha gesi.

Nilimwambia Mzee, huo mchuzi una wenyewe. Hakusikia, au alisikia. Alishika ngoma juu ya moto, akaizungusha, ngozi ikaanza kutoa harufu ya mbuzi, na nyumba ambayo nilikuwa nimeifukizia udi asubuhi ikanuka zizi. Akagonga kwa kidole. "Bado," akaiambia. Akaizungusha. Akagonga. Sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Bado kidogo."

Fundi alikuwa ameacha kula. Alisimama kwenye mlango wa jiko, kijiko mkononi, akitazama moto, akitazama ngoma. Prodyuza akagonga mara ya tatu na ngoma ikajibu wazi, mlio mkavu uliofika mpaka chooni. "Haya," akasema, "imeota."

Fundi alisema kitu haraka, akaigeukia simu yake akakisema tena, na simu, kwa sauti ya mwanamke mtulivu, ikatutangazia: babu yangu alikuwa anapika ngoma.

Ikabidi arudie polepole. Kijijini kwao kuna mashindano ya zile mashua ndefu zenye kichwa cha joka. Hufanyika msimu wa mvua, na ngoma ya kuwaongoza wapiga makasia hulegea kwa unyevu. Babu yake aliiketisha kando ya jiko la mkaa, akiigonga na kuisikiliza, na watoto walikatazwa kupita karibu. Halafu akaingia kwenye simu, akautafuta ule ujumbe wa Prodyuza, akatuonyesha tafsiri yake, akamwomba mume wangu aigeuze tena Kiswahili. Ikatoka: mwanzoni ngoma imelala inaona ndoto, tafadhali usiisumbue.

Kiswahili, nilichopata nacho alama ya kujivunia, kina ubahili wa ajabu. Aliyelala huota, mbegu huota, na mwenye baridi huota moto, neno ni hilo hilo, jichagulie. Simu ilijichagulia usingizi. Yule mtu muungwana alipoambiwa kwamba ngoma ya mzee inaota ndoto, aliondoa kila kilio, kila mchakacho, kila mnong'ono, ili ndoto iwe tulivu. Alikaa nayo kwa mapenzi, akiisafisha chembe kwa chembe. Alikuwa ametuzimia moto kwa adabu.

Prodyuza alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye sakafu yangu iliyolowa, ngoma mapajani, na fundi naye akacheka bila kujua sawasawa anacheka nini. Kisha Prodyuza akafuta macho, akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni. Aliliuliza kwa Kiswahili, bila simu, na fundi alimwelewa.

"Moto upo?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Sauti ya mkanda, kama maji, aliikinga na kuihifadhi kabla haijachujwa. Hakuna fundi wa sauti anayetupa maji ya kwanza. Kila kitu alikuwa nacho. Akatupa mkono kuelekea kusini, akasema jambo ambalo simu ilitafsiri safi kwa mara ya kwanza: watu wa kaskazini wanasema sisi wa kusini tuna kelele. Prodyuza akamwambia hata kwetu, ndugu yangu, hata kwetu.

Nilimuuliza mchuzi wangu atanilipa nani. Wao wakarudi kuigonga ngoma.

Nimesema mimi ni mtu wa ndani. Basi ijulikane kwamba nilitoka. Santuri mpya, zenye moto wake, zilipokuwa tayari, fundi alitualika Pazhou, kwenye yale majumba ya maonyesho ambako kila mfanyabiashara anayekula kwangu amenisimulia alivyopotea. Rafiki yake alikuwa na kibanda cha vinanda vya santuri na spika za fahari. Nilivaa viatu vilivyofungwa. Kwenye treni ya chini ya ardhi nilimshika Prodyuza mkono wa shati, na yeye alinisimulia kila breki ilivyokuwa inalia na kwa nini. Ilikuwa Ijumaa. Ndani ya ukumbi ule mkubwa usio na mwisho, kila kibanda kilikuwa kinashindana na mwenzake kwa muziki wake, na nilimwona mzee anakunja uso kama mtu aliyeonja limau.

Kazi yangu ilikuwa kushika simu. Nilimpigia mjane nikamgeuzia kioo. Alitaka kwanza kujua kama yule mwanamke wa kumjaza shemeji mashavu ndiye mimi. Nikasema ni mimi, shikamoo. Akasema marahaba, umpunguzie nyama.

Fundi alishusha sindano mwenyewe.

Tatata, ikasema spika, kubwa kama mlango. Pu. Tatata.

Muuzaji wa kibanda, kijana nadhifu wa suti, alishtuka. Alikimbilia waya, akakagua nyuma, akanyoosha kidole kuzima. Alidhani spika yake ya fahari imepasuka mbele ya wateja. Prodyuza alimshika mkono kwa upole, akautuliza juu ya boksi, kiganja chini, kama alivyozoea kuweka chake.

Na kutoka ndani ya boksi, chini ya moto, mtu akasema, "Bado."

Niliitazama simu. Mjane alikuwa amesogeza uso mpaka nikaona jicho moja tu. Hakulia. Alifanya nilichodhani angefanya kama mume wake angekuwa uani sasa hivi, na watu wamejaa, na yeye bado anachezea moto. Alimgombeza. "Bado nini," alisema, "watu wanakungoja."

"Bado kidogo," mtu yule akamjibu.

"Ndiyo tabia yako."

Moto ukalia. Kidole kikagonga. Haya, akasema marehemu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, imeota. Na ngoma ikashuka. Ilishuka juu ya Pazhou yote. Vibanda vya jirani vilinyamaza, sijui kwa kupenda au kwa kushindwa. Watu wakageuka, wakasogea, mama mmoja wa Kichina akaweka mifuko yake chini. Kina mama wa sindimba waliingia na maneno yao ya msimu ule, ya kumsema mtu ambaye hakuna anayemkumbuka tena, na kule Mtwara mjane alikuwa amewaita majirani na simu yangu ikajaa vigelegele. Mimi niliyetoka ndani mara moja kwa miaka nilicheza, na viatu vilivyofungwa. Prodyuza hakucheza. Alisimama kando ya muuzaji, viganja vyao viwili juu ya boksi, macho kafumba, akipima. Sikumwona akipata kosa.

Ilipokwisha, yule kijana wa suti aliinua mkono wake kwenye boksi, akautazama, akamtazama Prodyuza. Akaionyesha santuri.

"Duoshao?" akauliza.

Nilijua kinachokuja. Prodyuza aliichukua santuri, akaipuliza, akairudisha ndani ya bahasha yake, akapigapiga pembe zikae sawa. Zote zilizochapwa zilikuwa na wenyewe kule nyumbani, ya kwanza ikiwa ya mjane. Kwa hiyo hakudanganya. Alivuta pumzi na akalisema taratibu, kama alivyoahidi mezani kwangu.

"Meiyou."

Njia nzima ya kurudi nilimsema. Nilimwambia Mzee, mtu wa Mtwara mzima, machinga wa damu, mteja anakuuliza bei mwenyewe na wewe unamwambia hakuna. Nilimwambia Guangzhou yote itacheka. Alikuwa ameukumbatia mzigo wake mapajani kwa mikono miwili, mashavu yake, ambayo ni kazi yangu, yamejaa.

"Arudi kesho kutwa," akasema. "Umwambie bado zinaota."